Mficha Uchi Hazai, Hata Akiwa Mashine

Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama huutambua mlio wa detekta yake ya dhahabu hata usingizini, ila hajui kwa nini inalia. Kanuni yenyewe haina uchawi. Waya uliozungushwa ndani ya sahani hupeleka mpigo wa sumaku ardhini, umeme mdogo huzaliwa ndani ya dhahabu, na mashine hupima jinsi umeme huo unavyofifia katika muda usiofikia hata sehemu ya elfu ya sekunde. Tabu ni kwamba miamba ya Geita ina chuma kingi, na chuma nacho hujibu. Kutenga sauti ya dhahabu na kelele za mwamba ni kazi ya programu iliyofungiwa ndani ya chipu, na hapo ndipo kitabu cha maelekezo kinapoishiwa maneno: kimeeleza vizuri namna ya kuchaji betri, mengine muulize wakala.

Waandishi wa programu wanayajua machungu hayo. Anayeandika draiva, yaani tarishi wa kupeleka maagizo ya kompyuta kwenye kifaa, anahitaji kujua agizo lipi linapokelewa wapi. Huletewa kwanza mkataba wa kutunza siri. Akishasaini, hupewa waraka ambao sehemu anayoitafuta imeandikwa “imehifadhiwa, usiguse”. Basi naye huanza kuchimba duara gizani: anatuma namba, anasikiliza, anatuma nyingine. Draiva huria ya Nouveau, ya kadi za picha za Nvidia, ilijengwa gizani vivyo hivyo, kwa kuchungulia namba ambazo draiva ya Nvidia yenyewe huzituma kwenye kadi. Mganga wa Shinyanga ana afadhali: dawa hakutajii, lakini masharti anakutajia.

Watengenezaji hujitetea kwamba wakifunua wataigwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini kisa cha detekta zenyewe kinaipinga. Mwaka 2011 kompyuta ya mfanyakazi wa Codan, kampuni ya Australia inayomiliki Minelab, mtengenezaji wa detekta, ilidukuliwa kupitia mtandao wa hoteli nchini China. Michoro ikaibwa, na detekta bandia za bei rahisi zikaingia katika masoko ya Afrika. Siri haikumzuia mwizi, maana mwizi haombi kitabu. Kampuni ilizitambua bandia hizo pale mashine mbovu zilipoletwa kwa mafundi wake zikafunguliwa. Fundi wa Katoro, huko Geita, akifungua yake, hana mchoro wa kulinganishia. Anayefungiwa nje ni yeye aliyebisha hodi.

Wapo watakaosema kila fundi akipewa mchoro ataharibu mashine. Mbona anaifungua hata sasa, kwa bisibisi na dua? Tena hakuna anayedai mapishi yote. Mbinu ya kuchuja kelele inaweza kulindwa kwa hataza, ambayo sheria huitoa kwa sharti kwamba uvumbuzi uelezwe hadharani. Kinachodaiwa ni mchoro wa saketi, majina ya vipuri na maana ya namba za hitilafu; kumwonyesha mgeni mlango si kumkabidhi hati ya nyumba. Nvidia ilifungua sehemu ya draiva zake mwaka 2022, na biashara yake haikufa. Kwa hiyo vyama vya wachimbaji vinaponunua detekta, baada ya kuuliza bei viulize na mchoro, kabla pesa haijatoka mfukoni.