Mbuzi na Kuku, Walinzi wa Karafuu Zetu

Wenzetu wengi hutuuliza: "Ninyi watu wa karafuu, mbuzi na kuku vya nini? Mbuzi si adui wa mche, na kuku si adui wa jamvi?" Swali hili si la upuuzi. Mbuzi akiachwa hula mche, na kuku akiachwa huharibu karafuu zilizoanikwa. Sisi wenyewe yametupata yote mawili. Hata hivyo twafuga, na leo twataka kuwaeleza wanachama wenzetu sababu yake, na jinsi siku zetu zinavyokwenda hapa shambani Pemba, upande wa Wete. Hasara zetu pia tutazitaja, maana asikiaye hasara ya mwenziwe huenda akaokoa mali yake.

MTI WA SUBIRA

Kila mwanachama ajua kwamba mkarafuu ni mti wa subira. Mche ukipandwa leo hungojewa miaka 6 hata 8 kabla haujaanza kutoa. Na ukisha kutoa, hautoi sawasawa kila mwaka: mwaka huu ni neema, mwaka wa pili ni majani matupu. Lakini tumbo halingoji msimu, wala maradhi hayangoji, wala sare za watoto wa skuli hazingoji.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa hatuna mfugo ila kuku 3 wa kuokoteza, Bibi yetu alishikwa na maradhi mazito, na ndani hamna kitu. Tulikwenda kwa mtu mwenye fedha, tukamkodisha mikarafuu yetu yote, nayo ndiyo kwanza yaanza kutoa. Bibi alipona, alhamdulillahi. Lakini msimu ulipofika ulikuwa wa neema kubwa, nasi tulikaa barazani tukitazama wachumaji wa mtu mwingine wakipanda miti aliyoipanda babu yetu, na pishi zikipimwa mbele ya macho yetu. Kijana wetu mkubwa alikwenda kuchuma kwa ujira katika shamba la kwao mwenyewe. Jambo hilo lilituuma kuliko fedha tulizozikosa.

Hatumlaumu mtu yule. Alitoa fedha yake siku tuliyoihitaji. Kosa lilikuwa letu, kwamba hatukuwa na kitu kidogo cha kuuza, kwa hiyo tuliuza kikubwa. Wala mambo haya si mageni katika visiwa vyetu. Katika miaka ya 1930 deni la wenye mashamba lilikuwa shauri kubwa, hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria juu yake. Mkarafuu ni mali, lakini mali ambayo huwezi kuiuza leo haiwezi kukuokoa leo.

Basi kwa ujira wa kuchuma wa mwaka ule tulinunua mbuzi majike 2. Leo tuna mbuzi 9, na kuku hupata 30, wakubwa kwa wadogo.

SIKU YETU

Baada ya sala ya alfajiri kazi ya kwanza ni kizimba cha kuku. Hii ni kazi ya Bibi, wala hakubali kunyang'anywa. Hafungui mlango akaenda zake. Huwahesabu wakitoka mmoja mmoja, akatazama nani kajikunyata, nani mabawa yamemshuka, na kinyesi cha usiku kikoje. Kisha huwapa pumba za mpunga zilizochanganywa na chicha la nazi lililokamuliwa tui jana. Chicha lililoota ukungu hatuwapi, tena hatumpi mnyama yeyote, hutupwa shimoni.

Vifaranga hufunikwa kwa tenga pamoja na mama yao mpaka jua likolee, kwa ajili ya mwewe na kunguru. Watoto huwatafutia mchwa: chungu kikuukuu hujazwa mabua na samadi kavu, kikatiwa maji kidogo, kikafudikizwa usiku juu ya njia ya mchwa. Asubuhi hufunuliwa, na vifaranga hula wakashiba. Hili ni jambo la bure, nalo lawakuza upesi.

Watoto, kabla ya kwenda skuli, hukata majani ya mbuzi. Mbuzi wetu wapenda majani ya mfenesi kuliko yote, na huku kwetu mifenesi haikosekani. Twawapa pia majani ya mlusina tuliyoupanda mpakani. Majani na maganda ya muhogo twayaanika kwanza mpaka yanyauke, kwa kuwa muhogo mbichi una sumu, nayo hupungua ukianikwa. Majani hufungwa tita likaning'inizwa, hayatupwi chini, kwa sababu mbuzi ni mnyama mwenye kinyaa: alichokikanyaga hakili tena. Maji safi huwekwa kila siku, na jiwe la chumvi limefungwa pembeni.

Banda lao ni la uchaga. Tumeinua sakafu ya fito kiasi cha mita 1 kutoka ardhini, ili mkojo na kinyesi vidondoke chini na mbuzi walale pakavu. Mbuzi hapendi mvua, na anayelala kwenye tope hupata ugonjwa wa kwato na mafua ya kila siku. Wakati wa masika twamwita bwana mifugo atupe dawa ya minyoo kwa kipimo chake. Hatukisii wenyewe.

Mbuzi jike huchukua mimba karibu siku 150, na mara nyingi huzaa pacha. Beberu hatumwachi akawapanda binti zake mwenyewe. Twabadilishana mabeberu na wafugaji wa kijiji cha pili. Jioni, kabla ya Magharibi, wote huhesabiwa tena, na milango hufungwa kwa komeo, maana ngawa hakosi kupita.

UGOMVI WA MICHE

Mwaka wa pili wa ufugaji wetu tulizembea. Kamba ilikuwa imechakaa, tukasema itafaa siku moja zaidi. Mchana mbuzi mmoja aliikata, akaingia konde ya jirani, akala miche 11 ya mikarafuu ambayo jirani alikuwa ameimwagilia kiangazi kizima kwa maji ya kubeba kichwani.

Jirani hakupiga kelele. Alikuja barazani, akakaa, akanywa kahawa, kisha akasema, "Jamaa, mimi sina ugomvi na mbuzi. Mbuzi hajui karafuu. Ninyi mwajua." Neno lile lilitushinda. Tulimlipa miche 11 kutoka kitalu chetu, tukaipanda kwa mikono yetu, na watoto wetu wakaimwagilia mpaka mvua ziliponyesha. Tokea siku hiyo mbuzi wetu hula bandani, na wakitoka huwa kwenye kamba nzima na mtu yupo. Kila mche wetu nao umezungushiwa ua wa fito. Mwanachama asiyeweza kufanya hivyo, heri asifuge mbuzi, kwa kuwa mche mmoja ulioliwa ni miaka 6 iliyoliwa.

MDONDO

Hasara ya pili ilikuwa ya kuku. Tulinunua jogoo mzuri sokoni, tukamtia kizimbani na wenziwe usiku ule ule. Baada ya siku chache kuku walianza kujikunyata, kinyesi kikawa cha kijani, wengine wakapinda shingo. Wiki haikwisha, kati ya kuku 26 walibaki 4. Ndio mdondo, ambao wengine huuita kideri. Bibi alikaa mbele ya kizimba asiseme neno. Wale walikuwa akiba yake, nasi tuliwapoteza kwa haraka ya usiku mmoja.

Mdondo hauna dawa ukisha ingia, lakini kinga yake ipo, nayo ni rahisi. Chanjo iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa na mdogo, na hurudiwa kila miezi 3. Chanjo hii hustahimili joto kuliko nyingine, kwa hiyo yafaa kwa watu wa shamba. Lakini isiachwe juani, na maelezo ya bwana mifugo yafuatwe. Kuku awe mzima anapochanjwa, maana chanjo si dawa ya mgonjwa. Sisi hupatana na majirani tukachanja siku moja kijiji kizima, kwa sababu chupa moja yatosha kuku wengi, na kuku wa jirani asiyechanja ni hatari kwako wewe.

Jambo la pili tulilojifunza ni kwamba kuku mgeni akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa. Na la tatu, kuku wanapoanza kufa, usikimbilie kuwauza. Wafukie au wachome moto. Anayeuza kuku mgonjwa apeleka msiba nyumbani kwa mwenziwe.

KUKU NA MAJAMVI

Wakati wa mavuno ndipo ufugaji unapojaribiwa. Karafuu zikisha chambuliwa na makonyo kutengwa, huanikwa juu ya majamvi siku kadhaa za jua kali, na kilo 3 mbichi hurudi karibu kilo 1 kavu. Kazi yote ile yaweza kutiwa doa na kuku mmoja akitembea juu ya jamvi, akiparua na kuacha kinyesi. Karafuu chafu hushushwa daraja, na sifa ya karafuu ya Zanzibar hushuka pamoja nayo. Kwa hiyo siku za kuanika, kuku wetu hawafunguliwi asubuhi. Huletewa chakula na maji ndani ya ua wao, na hutolewa jioni majamvi yakisha kunjwa. Mbuzi hufungwa mbali, upande ambao upepo hauleti nywele wala vumbi.

Mfugo nao huirudishia mikarafuu haki yake. Samadi ya chini ya uchaga twaikusanya pamoja na majani makavu, tukaifunika kwa makuti, ikakaa miezi 3 au zaidi mpaka ioze na kupoa. Mbichi huunguza mizizi. Ikisha iva twaichanganya na udongo wa kitalu, na nyingine twaitia katika mashimo ya miche mipya.

DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Binti yetu wa pili ndiye karani wetu. Katika daftari lake imeandikwa kila mbuzi aliyezaliwa, kila aliyeuzwa na fedha ilikwenda wapi, na mayai yaliyouzwa na yaliyoliwa. Yanayoliwa nayo ni faida: yai analokula mtoto asubuhi ni afya ambayo hukuinunua dukani.

Daftari hilo ndilo lililotuokoa siku ya mtihani. Kijana wetu wa tatu alichaguliwa kwenda skuli ya bweni, na wiki ile ile upepo uliezua paa la jiko. Msimu ulikuwa mbele miezi mitatu, na mikarafuu ilionekana itatoa vizuri. Mtu mmoja alipiga hodi barazani, fedha mkononi, atukodi miti kama zamani. Tulimkaribisha kwa heshima, tukamwomba atupe siku 2.

Usiku tulifungua daftari. Mabeberu 2 walikuwa wametimia umri na hawana kilema, na Idd el-Hajj ilikuwa karibu, wakati ambao mbuzi wa kuchinja hutafutwa sana. Majogoo 6 walikuwa tayari. Tulihesabu, tukaona fedha yatosha godoro, sanduku, sare na nauli, na makuti ya jiko tutasuka wenyewe. Bibi aliuliza swali moja tu: "Na miti?" Tukamwambia, "Miti inabaki." Akasema, "Basi uzeni na koo wangu mwekundu, mtoto apate viatu vizuri."

Msimu ulipofika tulichuma wenyewe, tukaanika wenyewe, tukapeleka magunia kituoni kwa jina letu. Kijana wetu mkubwa, aliyewahi kuchuma kwa ujira katika shamba la kwao, ndiye aliyesimama mbele ya mizani.

Hatusemi kwamba mbuzi 9 na kuku 30 ni utajiri. Mwaka wa ukame majani huwa shida, na mwaka jana wana mbuzi 2 walitufia. Twasema hivi tu: mwanachama mwenye kitu kidogo cha kuuza siku ya dhiki ana nguvu ya kusema "hapana" kwa anayetaka kikubwa chake kwa bei ndogo. Anza na jike mmoja na makoo 3. Jenga banda kabla ya kununua, chanja kabla ya msiba, funga kamba nzima, na andika. Na mwenziwetu aliye jirani akitaka kuliona banda letu, au kuchukua mbegu za mlusina za kupanda, karibu. Bibi atakuwapo barazani, akihesabu kuku.