Vuli ya Krete si lazima iwe vuli ya London

Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha shule ya upili katika Kaunti ya Makueni ameniandikia akitaka nimsuluhishie ugomvi wa darasani. Aliwapa wanafunzi wa Kidato cha Nne tangazo la Kiingereza la meli ya kitalii, walitafsiri. Meli yenyewe inazunguka pwani na visiwa vya kusini mwa Ulaya, kutoka Sicily na Malta hadi Krete na visiwa vingine vya Ugiriki, kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba. Wanafunzi wengi waliandika ‘safari ya kifahari ya vuli’. Wachache wakaandika ‘safari ya anasa ya majira ya kupukutika majani’. Mmoja, ambaye mwalimu anashuku alipata simu mahali, aliandika ‘safari ya anasa ya kuanguka’. Jamani! Meli ikianguka, abiria wataenda wapi?

Huyo wa mwisho tumwache. Alichukua neno ‘fall’, ambalo Wamarekani hulitumia kwa majira hayo, akalipa maana yake ya kila siku. Kosa hilo ni ndugu wa lile la kuyaita majira ya machipuko ‘chemchemi’, ambalo nimekutana nalo mara nyingi mno katika tafsiri za mashine. Ugomvi wa kweli ni kati ya makundi mawili ya kwanza.

Nianze na yaliyo mepesi. Waingereza wana neno ‘cruise’ kwa safari ya meli ambayo mtu, ukitazama vizuri, haendi popote. Anazunguka, anashuka bandarini kutazama, anarudi melini kula na kulala, kisha anarudishwa nchi kavu akapande ndege. ‘Safari’ yetu, iliyotoka kwa Waarabu, haina uvivu huo. Msafiri ana aendako. Watu wa pwani wana ‘matembezi’, na mimi ningesema ‘matembezi ya meli’ bila wasiwasi wowote. Kuhusu ‘anasa’ na ‘kifahari’, nawaunga mkono walioandika kifahari. Anasa imeshika harufu ya mahubiri. Mtu wa anasa ni mtu aliyesahau kesho, na anayeuza tiketi hawezi kumsema mteja wake hivyo. ‘Meli’ nayo, kwa wasiojua, ni mtoto wa neno la Kiingereza la barua za posta, maana vyombo vya mvuke ndivyo vilivyobeba barua hizo. ‘Stima’ ilikuwa jina la chombo hichohicho cha mvuke kabla sisi Wakenya hatujaihamishia kwenye nyaya za umeme.

Sasa tuje kwenye vuli. Kwa wenyewe wa pwani, vuli ni majira ya mvua zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba. Ni jina la mvua, na habari ya majani kuanguka haimo ndani yake hata kidogo. Watanzania hawajalisahau hilo: Mamlaka ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo hutoa kila mwaka utabiri wa mvua za Vuli, kama inavyotoa ule wa mvua za Masika. Kwa Kikamba, mvua za Oktoba hadi Desemba ni za nthwa, zile za Machi hadi Mei ni za uua, na kipindi cha ukavu ni thano.

Hebu mtu asimame Kibwezi au Mtito Andei mwezi wa Septemba atazame mibuyu. Iko uchi. Matawi yameelekea juu kama mizizi, na vichaka vilivyoizunguka vimekuwa vya kijivu. Majani yalikwisha kuanguka katika miezi ya ukavu. Kisha mawingu yanakuja, wakati mwingine mwishoni mwa Oktoba, mara nyingi mvua yenyewe ikashika Novemba, na kabla ya wiki mbili kwisha nchi ile imegeuka kijani hadi mgeni akadhani amepotea njia. Mtoto wa Kitui anayesoma katika kitabu cha ziada kwamba ‘wakati wa vuli majani hupukutika’ anaambiwa kinyume kabisa cha anachokiona dirishani. Kwake yeye vuli ndiyo huleta majani. Na kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu ataandika kitabu kilivyosema.

Vuli iliingiaje Ulaya? Kwa njia ya kalenda, naona. Mtafsiri alitazama miezi. Akaona ‘autumn’ ya Waingereza inaanza Septemba na kwisha Novemba au Desemba, na vuli yetu iko papo hapo, akaunganisha. Lakini njia hiyo haifiki mbali. Kiangazi cha pwani yetu ni joto kavu la kati ya Desemba na Machi, ilhali watafsiri walewale wamekipeleka Julai na Agosti ili kiwe kiangazi cha Ulaya. Kipupwe chetu ni ubaridi wa Juni hadi Agosti. Wao wamekipeleka Januari. Kwa hivyo katika vuli wamefuata miezi, katika kiangazi na kipupwe wamefuata joto na baridi. Ukiniuliza kanuni ni ipi, nitakwambia hakuna. Kila jina limechukuliwa lilipookotwa.

Kwa sababu hii nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwa miaka mingi kwamba vuli isitumiwe kwa ‘autumn’ ya London wala ya Chicago. Huko majani hupukutika kweli, ubaridi unaingia, shamba linalala. Tuseme ‘majira ya kupukutika majani’, au ‘majira ya kupukutika’ kwa ufupi, hata kama ni refu mdomoni.

Lakini tangazo la huyu mwalimu halizungumzii London.

Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, miezi mikavu ni ile ya joto. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni nadra. Nyasi za Sicily na Krete huwa za rangi ya mchanga, na mkulima hana la kufanya na udongo ila kuutazama. Mvua hurudi kuanzia Septemba na Oktoba. Zikisha kulainisha ardhi, ngano hupandwa, mara nyingi mwezi wa Novemba, na vilima vinaanza kuota kijani wakati wale wa kaskazini wanawasha moto sebuleni. Ni kweli mizabibu na mitini hupukutisha majani. Mizeituni, ambayo ndiyo mti wa nchi zile, haipukutishi. Inavunwa kuanzia Oktoba hivi ikiwa na majani yake yote. Sasa niambie, haya si mambo ya vuli? Ukavu mrefu, mvua ya kwanza, mbegu ardhini, kijani. Mkulima wa Krete na mkulima wa Mutomo hawana lugha moja wala mbegu moja, lakini mwezi wa Oktoba wote wawili wanatazama mbingu kwa jicho lilelile.

Wasomaji wa Biblia wana ushahidi wa hili mikononi. Matendo ya Mitume, sura ya 27, inasimulia safari ya meli iliyopita kandokando ya visiwa hivihivi vya tangazo letu. Paulo, akiwa mfungwa, alipandishwa meli ya Aleksandria iliyobeba ngano kwenda Italia. Walipita chini ya Krete, wakatia nanga mahali paitwapo Bandari Nzuri, na hapo Paulo akawaonya wasiendelee kwa sababu wakati wa hatari ulikuwa umefika. Mwandishi hakutaja majira kwa jina. Alitaja kwamba siku ya kufunga ya Wayahudi ilikwisha kupita, na siku hiyo huangukia Septemba au Oktoba. Akida alimsikiliza nahodha kuliko mfungwa. Upepo wa dhoruba ukawachukua majuma mawili, ngano ikatupwa baharini, meli ikavunjika katika kisiwa cha Malta, na watu wote 276 wakafika ufukoni hai. Wenyeji waliwawashia moto. Kwa nini? Kwa sababu ya mvua, kitabu kinasema, na baridi. Hiyo ndiyo vuli ya Malta, na waliokutana nayo hawakuwa na kibanda cha kifahari.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa majira hayo ni mabaya hivyo, mbona matajiri wa leo wanalipa ili wasafiri wakati huohuo? Jibu liko katika kipande cha kwanza cha majira hayo, kabla dhoruba hazijakomaa. Julai na Agosti, Bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini ambao Wagiriki huuita ‘meltemi’. Ni upepo mkali, na mashua ndogo huweza kukaa bandarini kwa siku kadhaa zikiusubiri upungue. Septemba ikiingia unalegea. Joto nalo limepungua, maji bado yana uvuguvugu wa miezi iliyopita, watoto wamerudi shuleni, visiwa havina msongamano. Kwa kipindi kama hicho Kiswahili kina neno ambalo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelitaja, na siwalaumu, kwa kuwa halifundishwi: demani.

Demani ni kipindi cha mwishoni mwa kusi, Agosti hadi Novemba hivi, ambapo upepo ule mkali unageuka kuwa mwanana na bahari ikakubali vyombo vidogo. Mwelekeo si mmoja, kwani kusi yetu hutoka kusini na meltemi hutoka kaskazini. Lakini mambo anayoyaona baharia ni yaleyale: upepo mkubwa umechoka, mkubwa mwingine hajaja. Tangazo linalouza bahari tulivu baada ya upepo wa Agosti linauza demani. Ningekuwa mimi ndiye mtafsiri ningeandika ‘Matembezi ya demani katika visiwa vya Ugiriki’, halafu nikangojea bosi anipigie simu kuuliza demani ni nani.

Wala si jambo la ajabu kwamba lugha yetu ina maneno mazuri ya kusafiria bahari kwa majira. ‘Msimu’ ni neno la Kiarabu, ‘mausim’, lilelile lililowapa Waingereza jina lao la pepo za Bahari ya Hindi. ‘Majira’ nayo ilikuwa na maana ya njia inayofuatwa na chombo baharini, na kamusi za zamani bado zinaitaja maana hiyo. Yaani mtu wa Mwingi, ambaye pengine hajawahi kuona bahari, akisema ‘majira ya kupanda’ anatumia neno la nahodha. Na meli za kifahari zenyewe hufuata mtindo wa majahazi bila kujua. Mediterania ikipoa, baadhi yao huelekea kwenye Bahari ya Hindi, na baadhi hufika Mombasa wakati wa kaskazi, ambao ndio wakati majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalipokuwa yakitia nanga huko. Mojawapo iliyowahi kuja ni Norwegian Dawn na abiria wake kwa maelfu. Baadhi ya watalii wa meli kama hizo hupelekwa Tsavo kutazama ndovu. Wakiwahi mapema katika kaskazi, na vuli ikawa imenyesha vizuri, watakuta mibuyu ina majani.

Kwa hivyo, mwalimu, waliosema vuli wape alama zote. Waliosema majira ya kupukutika majani usiwanyime; wamefuata kanuni ninayoitetea mimi mwenyewe, ila wameipeleka mahali isipohitajika. Mtu akitaja demani mpe alama ya ziada na uniletee jina lake.

Hata hivyo, jambo linaloniuma katika suala hili halihusu watalii. Wakenya wengi tumeacha kusema vuli tunapozungumza juu ya mvua zetu wenyewe. Redioni na hata katika magazeti tunasikia ‘mvua fupi’ na ‘mvua ndefu’, maneno yaliyokaushwa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Ati mvua fupi! Kipindi chenyewe huenda ni kifupi, lakini msikilizaji husikia udogo. Akisikia ‘ndefu’, anasikia ukubwa. Kwa mtu wa Bonde la Ufa hilo halidhuru sana. Ukambani linapotosha, kwa sababu katika Kitui na Makueni mvua za kutegemewa ni hizi za Oktoba hadi Desemba. Zile za Machi hadi Mei ndizo zenye vigeugeu zaidi. Mkulima wa huko hupanda mahindi, mbaazi, kunde na ndengu zake kabla ya nthwa, mara nyingine akitia mbegu katika udongo mkavu ili tone la kwanza lisipotee. Anaitumainia nthwa kuliko uua. Wazazi wake na babu zake walifanya vivyo hivyo, na ukame mkubwa waliupa majina: ule wa mwishoni mwa karne ya 19 waliuita Ngomanisye, na ule wa 1984 wakauita Nikw’a Ngwete, yaani nakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwepo.

Neno vuli sasa limebaki kwa vijana wetu kama picha ya majani mekundu katika filamu za Marekani. Afisa wa kilimo akimwambia kijana wa Kyuso ‘jitayarishe kwa vuli’, kuna uwezekano mkubwa asielewe ameambiwa atafute mbegu. Na afisa huyo akijua kwamba hataeleweka atasema mvua fupi, kama wenzake.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo katika maeneo kame ya nchi hii. Mitatu kati ya hiyo ilikuwa vuli. Habari zilipotangazwa kwamba mvua fupi zimekosa tena, aliyesikia akiwa Nairobi aliweza kudhani kilichokosekana ni kile kidogo, na kwamba kikubwa kingekuja Machi. Kyuso ghala lilikuwa limekwisha kuwa tupu.