Je, Wajua? Memori Kwanza, Redio Baadaye

Anayetoka Kisondela kwenda Tukuyu mjini kutafuta kitu cha kupigia nyimbo na kutazamia muvi huanza kwa kuulizia redio: ina spika ngapi, taa zake zinawaka rangi gani, ina mpini wa kubebea? Safu ya leo inamshauri aanze na kile kisichong'aa, yaani memori kadi. Redio ikifa fundi yupo. Memori ikifa imeondoka na kwaya yote.

Je, wajua kwamba kicheza MP3 cha kwanza kuingia sokoni, MPMan F10 cha kampuni ya SaeHan ya Korea Kusini, kilitoka mwaka 1998 kikiwa na nafasi ya MB 32 tu? Hizo ni nyimbo nane hivi, dakika 33 kwa jumla. Mchuma chai angezimaliza kabla kikapu hakijafika nusu.

Na iPod? Ilitangazwa Oktoba 23, 2001, ikiwa na GB 5, kwa dola 399, na sifa yake kubwa ilikuwa kubeba nyimbo 1,000. Memori ya GB 16 inayochomekwa leo kwenye kiswaswadu ina nafasi mara tatu ya hiyo. Apple waliacha kutengeneza iPod Mei 2022.

Je, wajua hesabu ya kujua memori itabeba nyimbo ngapi? Ni rahisi. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kawaida, kile kinachoandikwa 128, hula karibu MB 1 kwa kila dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 4, kwa hiyo GB 16 hubeba kama nyimbo 4,000. Wimbo huohuo ukiwa wa kiwango cha 320 hula karibu MB 10, na memori ileile inabeba nyimbo 1,600. Kwa spika ndogo ya redio ya sokoni sikio halitaona tofauti. Kwa sabufa nzuri ya ukumbini, litaona.

Muvi ni habari nyingine. Muvi ya saa moja na nusu iliyobanwa vizuri ni kama MB 700, kwa hiyo GB 16 ni kama muvi 22 na nafasi ya nyimbo inayobaki ni ndogo sana. Amua kwanza: unataka kusikiliza au kutazama?

Usishtuke memori ya GB 16 ikionyesha 14.9. Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu (1,000), kompyuta inahesabu kwa 1,024. Ya GB 32 itaonyesha kama 29.8.

Lakini je, wajua jinsi unavyoibiwa kweli? Hapa tukae kidogo.

Ndani ya kila memori kuna kidhibiti kidogo ambacho kazi yake mojawapo ni kuiambia simu ukubwa wa memori. Wajanja hukipanga upya kidhibiti hicho kidanganye. Nafasi halisi ni GB 8, simu inaambiwa 64. Unaijaza nyimbo kwa furaha, majina yote yanaonekana, orodha ni ndefu. Ukivuka GB ya nane, kila kinachoingia kinatupwa au kinaandikwa juu ya kilichotangulia. Unakuja kugundua siku ya harusi, DJ anabonyeza wimbo, jina lipo na sauti haipo. Ndiyo maana kuitazama memori dukani ikasomeka "64" hakuthibitishi chochote: hicho ndicho kitu pekee ambacho memori feki imefundishwa kusema.

Kipimo cha kweli ni kuijaza yote na kuisoma tena. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inayoitwa H2testw, na kwa watumiaji wa Linux ipo F3. Zote mbili huandika data mpaka memori ijae, kisha huisoma na kusema wazi ni kiasi gani kimerudi salama. Huchukua muda, saa moja au zaidi kwa memori kubwa, kwa hiyo hutaipima ukiwa umesimama kaunta. Fanya hivi: nunua asubuhi ukifika mjini, mwombe mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo aipime wakati wewe unahangaika na mambo mengine, rudi jioni kabla ya gari la mwisho. Na kabla hujalipa, sema kwa adabu: "Shikamoo mama, nikiipima ikawa pungufu, naruhusiwa kuirudisha leoleo?" Mwenye mzigo halali hana sababu ya kukunja uso. Akianza kueleza kwamba "memori hizi hazirudishwi, mwanangu," umeshapata jibu lako bila kompyuta.

Je, wajua kwa nini redio nyingi na viswaswadu huandikwa "mwisho GB 32"? Memori za GB 4 hadi 32 ni za daraja la SDHC na hupangwa kwa mfumo wa FAT32. Kuanzia GB 64 ni SDXC, zinakuja na mfumo wa exFAT, na redio ya bei nafuu haiujui. Kuna mafundi wanaoilazimisha ya 64 ikae kwa FAT32 na ikapiga. Mimi ningenunua mbili za 32. Moja ikipotea kwenye migomba, nusu ya nyimbo bado iko nyumbani.

FAT32 ina kasoro nyingine: haikubali faili moja linalozidi GB 4. Video ya harusi iliyopigwa kwa kamera nzuri bila kukatwa itagoma kuingia hata kama memori ni tupu.

"Memori nzima, ila nyimbo hazipigi." Je, wajua kisa? Mara nyingi ni aina ya faili. Redio za kuchomeka flashi karibu zote zinasoma MP3, na baadhi zinasoma WAV na WMA. Nyimbo zilizoshushwa YouTube mara nyingi ni M4A, na sauti zilizorekodiwa WhatsApp ni Opus. Kubadilisha jina la faili mwishoni likasomeka ".mp3" hakubadilishi kilichomo ndani, ni lazima faili ligeuzwe kwa programu. Ukiwa kibandani sema neno moja tu: "Zote ziwe MP3."

Kifaa kilichoandikwa MP4 si kwamba kimeizidi MP3 daraja moja. MP3 ni namna ya kubana sauti, MP4 ni namna ya kufunga video na sauti pamoja. Na "MP5" ya kwenye maboksi? Hakuna kiwango cha namna hiyo duniani. Ni mbwembwe za muuzaji.

Je, wajua kwamba redio nyingi za bei nafuu hazipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa namba uliyoweka mbele ya jina? Zinapiga kwa mpangilio ambao nyimbo ziliingia kwenye memori. Mwalimu wa kwaya anayetaka albamu ifuatane sawasawa aingize wimbo wa kwanza, asubiri umalizike, kisha wa pili. Ukiburuta zote kwa mkupuo, usimlaumu mchungaji ibada ikianza na wimbo wa kufunga.

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Walkman ya kwanza ya Sony iliuzwa Japani Julai 1 mwaka huohuo, kwa hiyo gwiji huyo wa Morogoro hakuwahi kuona mtu akitembea barabarani na muziki wake masikioni. Walkman hiyo, TPS-L2, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili wawili wasikilize pamoja. Siku hizi wawili wanagawana waya mmoja, sikio moja moja.

Je, wajua ni wimbo gani ulitumika kuunoa mfumo wa MP3? Ni "Tom's Diner" wa Suzanne Vega. Mhandisi Mjerumani Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer waliuona ndio mgumu kuubana, maana ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala, na kasoro yoyote inasikika. Wanakwaya wanaoimba bila kinanda, kumbukeni hilo mnapoambiwa kiwango cha 64 kinatosha. Hakitoshi.

Tuje kwenye kutazama. Kioo cha kiswaswadu cha inchi 2.4 kwa kawaida kina nukta 240 kwa 320, jumla 76,800. Video ya HD kamili ina nukta 2,073,600, yaani mara 27. Kuweka muvi ya HD humo ni kupoteza nafasi, na kibaya zaidi kifaa chenyewe hakina nguvu ya kuifungua. Mwambie mtu wa kibanda aipunguze ilingane na kioo chako.

Maandishi ya tafsiri chini ya muvi huwa ni faili la pembeni, na vifaa vidogo vingi havilisomi. Hapo ndipo muvi za kutafsiriwa, zile zilizompatia jina mtafsiri Lufufu enzi za kanda na vibanda umiza, zinapowashinda washindani wote: sauti ya mtafsiri imeshashikamana na ya muvi, inapiga popote.

Je, wajua kwamba maandishi "1000W" ubavuni mwa redio inayochajiwa kwa waya wa simu hayawezekani? Chaja ya volti 5 na ampea 1 hutoa wati 5. Hesabu ya shule ya msingi. Usichague redio kwa wati za kwenye boksi. Chagua kwa upana wa spika, na kwa kuomba ipigwe kwa sauti kubwa hapohapo dukani usikie kama inakwaruza.

Betri. Tafuta redio inayotumia betri ya kutoa na kuweka, hasa ile ya BL-5C iliyoanzia kwenye simu za Nokia, maana inapatikana kila duka la vifaa vya simu. Ina volti 3.7. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kubadilisha betri za BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita kwa sababu baadhi zilipata joto kali zikichajiwa. Kwa hiyo ikivimba usiibembeleze, itoe.

Maeneo ya Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo unakula meno ya memori. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu usivitupe. Weka kimoja kwenye kopo unalohifadhia memori. Meno yakishaanza kuwa meusi, futa taratibu kwa raba nyeupe ya mwanafunzi.

Je, wajua waya wa hedifoni ndio antena ya redio ya FM ndani ya simu? Ndiyo maana ukiuchomoa Chai FM inapotea. Na mawimbi ya FM hayapindi kilima: aliye bondeni anapoteza stesheni ambayo jirani yake wa juu anaipata bila taabu. Kwa wa bondeni, memori si anasa.

Masikio je? Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa zinashuka hadi nne.

Kabla hujauza memori ya zamani, jua kwamba kufuta hakufuti. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kurudisha picha ulizodhani zimekwenda. Ijaze kwanza nyimbo mpaka pomoni, ndipo uiuze.

Na la mwisho. Juni 16, 2016 TCRA ilizima simu feki nchini kote. Kilichozimwa ni namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, si spika wala tundu la memori. Kama ipo moja kabatini, tia betri na memori, bonyeza: ni kicheza muziki kamili, kina tochi, na hakuna mtu atakayekupigia simu wimbo ukiwa katikati.