Nani Anasema "Ana Hatia"?

Kutoka Mchafukoge hadi Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ni mwendo mfupi wa miguu. Kwa hiyo ndugu wa washitakiwa wanaotoka mikoani hufikia huko, kwa jamaa au katika nyumba za wageni za Mchafukoge na Kariakoo. Jioni utawakuta barazani, vikombe vya kahawa mkononi, wanabishana juu ya kesi ya mtu wao. "Wazee wakikubaliana wote, basi kijana kaisha," atasema mmoja. "Akikataa hata mmoja tu, hawamfungi ng'o," atajibu mwenzake.

Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, hata vijijini, kwa watu wanaoheshimika. Lakini hayo ni mambo ya sinema za Kimarekani. Mahakama zetu haziendi hivyo. Tuyatazame vizuri, maana katika kesi ya mauaji kinachongojewa ni uhai wa mtu. Mtu mzima akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, sheria yetu inataja adhabu moja tu: kunyongwa. Mwanamke mjamzito hanyongwi, wala yule ambaye alikuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa.

WATU KUMI NA WAWILI

Hao wanaoonekana kwenye sinema huitwa juri. Ni raia 12 wa kawaida. Yumo mwalimu, yumo dereva, yumo mama wa nyumbani. Wanasikiliza ushahidi wote, kisha wanafungiwa chumbani peke yao. Jaji hayumo. Wao ndio wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia au hana, na jaji anafuata neno lao. Huko Marekani, kwa makosa makubwa, ni lazima wote wawe na neno moja. Wakishindwa kupatana, kesi inaweza kuanza upya mbele ya watu wengine. Uingereza nayo ilikuwa hivyo, mpaka mwaka 1967 sheria iliporuhusu watu 10 kati ya 12 watoshe.

Je, juri imewahi kufika Afrika Mashariki? Ndiyo, imefika. Mwezi Januari 1941 Mwingereza mmoja mkubwa, Lord Erroll, alipigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Nairobi. Aliyeshitakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa na uhusiano na marehemu. Kesi ilianza mwezi Mei. Tarehe 1 Julai watu 12 wa juri waliingia chumbani kushauriana, na watu wakangoja. Waliporudi, neno lao lilikuwa: hana hatia. Broughton akatoka mtu huru.

Watu hao 12 wote walikuwa Wazungu. Juri ile ilikuwa ya Wazungu, kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji, pembeni wamekaa wazee wa kumshauri. Ndivyo alivyohukumiwa Dedan Kimathi kule Nyeri, Novemba 1956, kwa kosa la kukutwa na bastola. Wazee watatu Waafrika walisema ana hatia. Hata wangesema hana, jaji hakufungwa na neno lao. Kimathi alinyongwa Februari 1957.

WAZEE WETU WA BARAZA

Utaratibu huo wa wazee ndio tuliourithi sisi Tanzania. Kwa miaka mingi kila kesi ya mauaji katika Mahakama Kuu ilisikilizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza, wasiopungua wawili. Mwisho wa ushahidi jaji aliwaeleza kwa kifupi yaliyosemwa na sheria inavyotaka. Kisha kila mzee alisimama akatoa maoni yake mwenyewe. Hawakutakiwa kukubaliana. Wawili waliweza kusema hivi, wa tatu akasema vile. Baada ya hapo jaji aliandika hukumu yake, na aliweza kuwapinga wote.

Hapo ndipo watu walipochanganya. Walimwona mzee anasimama anasema "hana hatia," wakaanza kupiga vigelegele. Kumbe hukumu bado!

Tena utaratibu huu ulileta taabu. Jaji akisahau kuwaeleza wazee jambo muhimu, au wazee wakiwahoji mashahidi kana kwamba wao ni mawakili, Mahakama ya Rufani iliweza kufuta kesi nzima. Ilitokea mara nyingi. Watu waliokwisha kusubiri miaka, wa upande wa mshitakiwa na wa upande wa marehemu, wakaanza kusubiri upya. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na sasa si lazima tena jaji akae na wazee. Sisi tunaona kwamba kuna kilichopotea, maana mzee aliyekulia kijijini huelewa ugomvi wa shamba au wa uchawi kuliko msomi yeyote. Lakini kesi kurudi mwanzo kwa kosa lisilo la mshitakiwa, hilo nalo lilikuwa mzigo mzito mno.

KWA NINI KUNGOJA NI KUREFU?

Mtu akishitakiwa kwa mauaji, kwanza hupelekwa mbele ya hakimu, kama pale Kisutu. Anasomewa shitaka, anaambiwa asijibu kitu. Ndugu hushangaa: mbona hamwachi ajitetee? Sababu ni kwamba hakimu huyo hana mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Upelelezi ukikamilika, ndipo shauri hupelekwa Mahakama Kuu. Muda wote huo hakuna dhamana kwa shitaka la mauaji.

Wengi wanakumbuka kesi ya mwigizaji Elizabeth Michael, yaani Lulu. Steven Kanumba alifariki Aprili 2012. Lulu alifikishwa Kisutu kwa shitaka la mauaji. Baadaye shitaka likawa la kuua bila kukusudia, ndipo akapata dhamana. Jaji Sam Rumanyika alitoa hukumu tarehe 13 Novemba 2017: kifungo cha miaka miwili. Toka kifo hadi hukumu ni miaka mitano na miezi saba, tena kwa kesi iliyofuatwa na nchi nzima.

Basi siku ya hukumu ikifika, usihesabu wazee. Msikilize jaji. Yeye anatakiwa aandike sababu zake: shahidi gani amemwamini na kwa nini, na kama ushahidi umethibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Juri haitoi sababu, inasema neno moja tu na kunyamaza. Sababu za jaji zimeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kupingwa.

Upande wa Serikali nao una haki hiyo. Agosti 2009, Mahakama Kuu ya Dar es Salaam iliwaachia Abdallah Zombe na polisi wenzake katika kesi ya mauaji ya watu wanne ya Januari 2006. Serikali ilikata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilisema Zombe abaki huru, lakini mmoja wa walioachiwa ikamtia hatiani na kumhukumu kifo.

Tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Kwa hiyo ombeni nakala ya hukumu, mkae chini muisome wenyewe. Mshitakiwa asiye na fedha katika kesi ya mauaji hupewa wakili anayelipwa na Serikali. Muulizeni wakili huyo juu ya rufaa siku ile ile, msingoje mpaka mfike nyumbani. Notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Aliye gerezani huijaza fomu yake huko huko na kumkabidhi mkuu wa gereza.