Karo ilipunguzwa, mbona wazazi walizidi kulalama? Ufafanuzi kuhusu kalenda ya masomo baada ya janga la COVID-19

Jumapili ya Machi 15, 2020, siku mbili baada ya Kenya kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa COVID-19, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kusimamishwa kwa masomo kote nchini. Shule za kutwa zilifungwa kesho yake. Shule za bweni zilipewa hadi Jumatano kuwaruhusu wanafunzi waende makwao, na vyuo vikuu hadi Ijumaa. Muhula wa kwanza, uliokuwa umepangwa kumalizika Aprili 9, ulikuwa umebakiza majuma matatu na siku chache tu, hivyo wazazi wengi walilichukulia jambo hilo kuwa ni likizo iliyotangulia wakati wake.

Ilichukua miezi tisa na nusu kabla ya wanafunzi walio wengi kuketi tena darasani, Januari 4, 2021. Na hata baada ya milango kufunguliwa, malalamiko ya wazazi hayakuisha, yalibadilika sura. Makala haya yanaeleza chanzo cha malalamiko hayo katika hatua zake mbili: kwanza tarehe zilizokuwa zikisogea, kisha kalenda iliyobanwa ili kufidia muda uliopotea. Hatua ya pili ndiyo iliyozungumziwa kidogo, ingawa ndiyo iliyogusa mfuko wa mzazi kwa muda mrefu zaidi.

Muhula wa pili wa mwaka 2020 ulitarajiwa kuanza Mei 4. Mwishoni mwa Aprili, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, ambaye sasa ni marehemu, alitangaza kwamba shule zingebaki zimefungwa kwa mwezi mmoja zaidi. Juni 6, Rais aliiagiza Wizara kuandaa utaratibu wa kurejea masomoni hatua kwa hatua kuanzia Septemba 1. Mwezi mmoja baadaye, Julai 7, Waziri alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 uhesabiwe kuwa umepotea, mitihani ya kitaifa ya KCPE na KCSE isifanyike mwaka huo, na wanafunzi warejee Januari 2021 katika madarasa yale yale. Wazazi walikuwa wameanza kuizoea Januari pale tangazo jingine lilipotolewa Oktoba 6: wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne waripoti shuleni Oktoba 12. Zilikuwa siku sita za kutafuta sare, barakoa, nauli na karo.

Kila moja ya tarehe hizo ilikuwa na sababu yake. Uamuzi wa Julai ulitegemea makadirio kwamba maambukizi yangefikia kilele chake mwezi Septemba na kushuka kufikia Desemba. Uamuzi wa Oktoba ulitokana na kupungua kwa kiwango cha maambukizi mwezi Septemba, ambapo idadi ya waliopatikana na virusi miongoni mwa waliopimwa ilikaribia asilimia 5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekitaja kuwa kigezo cha kulegeza masharti. Hata hivyo, kiwango hicho kilipanda tena Oktoba hiyo hiyo, na Novemba 4 Serikali ikathibitisha kwamba madarasa yaliyosalia yangesubiri hadi Januari. Virusi havikuwa na kalenda, na waliopanga tarehe walilazimika kuvifuata.

Lakini kwa mzazi, sababu nzuri haikupunguza uzito wa kutojua. Mzazi aliyeambiwa mwezi mmoja hupanga mambo ya mwezi mmoja: humwacha mtoto kwa nyanya yake, huahirisha kutafuta mwalimu wa nyumbani, huiweka karo ya muhula wa pili pembeni. Aliyeambiwa miezi sita angepanga vingine, pengine angeitumia karo hiyo kwa chakula bila kujilaumu. Wapo waliopanga mara tatu, na mara zote tatu mipango ikavunjika. Ni haki kusema kwamba tangazo lenye kiwango cha juu cha muda, hata likiwa chungu, lingewasaidia wengi kuliko matangazo mafupi yaliyorefushwa kipande kwa kipande.

Si kila mzazi aliyetaka shule zifunguliwe mapema. Wengi walihofia mabweni, ambako vitanda vimekaribiana na maji ni ya foleni. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Darasa la mita saba kwa nane, wanafunzi wakitenganishwa kwa mita moja na nusu kila upande, hutosha watoto 20 hivi, ilhali katika shule nyingi za umma darasa moja lilikuwa na watoto zaidi ya maradufu ya hao. Sera ya kuhakikisha kila anayemaliza darasa la nane anajiunga na sekondari ilikuwa imejaza vidato. Baadhi ya shule pia zilikuwa zimegeuzwa vituo vya karantini na zilihitaji kusafishwa kabla ya watoto kurudi. Katika mpango wa kufufua uchumi uliotangazwa Mei 23, 2020, Wizara ya Elimu ilitengewa shilingi bilioni 6.5 kwa ajili ya kuajiri walimu 10,000 na wakufunzi 1,000 wa teknolojia, pamoja na kununua madawati 250,000 yaliyoundwa na mafundi wa humu nchini. Madawati na walimu yangeweza kupatikana. Vyumba vipya vya madarasa haviwezi kujengwa ndani ya majuma machache. Ndiyo maana, shule zilipofunguliwa hatimaye, sharti lililosisitizwa lilikuwa barakoa na kunawa mikono, na baadhi ya madarasa yakafanyika chini ya miti.

Katika kipindi chote hicho masomo hayakukoma kabisa. Taasisi ya Kukuza Mitaala ilipeperusha vipindi kupitia redio ya taifa na runinga, na vitabu vikawekwa katika mtandao. Nyumba yenye intaneti na simu ya kila mtoto ilipata kitu. Nyumba yenye simu moja, ambayo baba huondoka nayo alfajiri kwenda kutafuta kibarua, haikupata. Katika kaunti kame, redio yenyewe haikuwa na uhakika wa betri, na mtoto aliyekuwa akipata mlo wa mchana shuleni alipoteza mlo huo pamoja na somo. Mwezi Agosti Wizara ilitangaza mpango wa walimu kuwafundisha watoto katika vijiji na mitaa wanakoishi, lakini mpango huo ulipelekwa mahakamani kabla haujashika mizizi.

Hofu kubwa kuliko zote ilihusu wasichana. Katikati ya Juni 2020 ilienea nambari ya karibu mimba 4,000 za wasichana katika Kaunti ya Machakos, na wengi wakaisoma kama matokeo ya kufungwa kwa shule. Nambari hiyo ilihesabiwa kuanzia Januari, miezi ambayo shule zilikuwa wazi, na ilijumuisha pia walio na miaka 18 na 19. Usahihi huo haukuondoa tatizo; ulionyesha tu kwamba lilikuwapo hata kabla ya janga. Julai 6 Rais aliagiza Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kichunguze ongezeko la dhuluma za kijinsia na ukiukaji wa haki za watoto wa kike, na kutoa taarifa ndani ya siku 30.

Kwa wakazi wa mpakani kulikuwa na jambo jingine la kukera. Tanzania ilifunga shule zake Machi 17, 2020, siku moja tu baada ya shule zetu za kutwa, lakini iliwarejesha wanafunzi wa kidato cha sita Juni 1 na wengine wote Juni 29. Mzazi wa Taveta alijua kwamba watoto wa Holili, ng'ambo ya pili ya mpaka, wako darasani huku wake wakiwa nyumbani. Mzazi wa Busia alikuwa na ulinganisho wa kinyume: Uganda ilizifungua shule zake zote kikamilifu Januari 10, 2022 tu, karibu miaka miwili baada ya kuzifunga.

Sasa tuitazame kalenda. Madarasa matatu yaliyorejea Oktoba 2020 yalisoma muhula wa pili na wa tatu mfululizo hadi Machi 2021. Wengine walianza muhula wa pili Januari 4 na kuumaliza Machi 19, kisha wakasoma muhula wa tatu kuanzia Mei 10 hadi Julai 16. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Watoto wa gredi ya nne, waliotangulia kurudi kwa sababu walikuwa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi na walihitaji kutathminiwa, walirudi tena nyumbani Machi na kukaa hadi Julai 26, wakati ndugu zao wa madarasa mengine wakienda shule. Katika nyumba yenye mtoto wa gredi ya nne, wa darasa la sita na wa kidato cha nne, mzazi alikuwa na kalenda tatu tofauti ukutani, na hakukuwa na mwezi ambao wote watatu walikuwa nyumbani kwa pamoja kwa muda wa kutosha ili apumzike kutoa.

Kuanzia Julai 26, 2021 watoto wote walianza mwaka mpya wa masomo kwa pamoja. Ili kurudi katika utaratibu wa kuanza mwaka mwezi Januari, Wizara iliupunguza mwaka huo wa masomo kutoka majuma 39 ya kawaida hadi 30 hivi. Likizo zilibanwa pia: muhula wa kwanza ulifungwa Oktoba 1 na wa pili ukafunguliwa Oktoba 11, wa pili ulifungwa Desemba 23 na wa tatu ukafunguliwa Januari 3, 2022. Mwaka wa masomo wa 2022 ulianza Aprili 25, na uliofuata Januari 23, 2023.

Kwa kuwa wanafunzi wangekaa bwenini kwa majuma machache zaidi, Serikali ilipunguza karo. Katika shule za kitaifa na baadhi ya shule za ngazi ya juu za kaunti, karo ya mwaka ilishuka kutoka shilingi 53,554 hadi shilingi 45,054. Katika shule nyingine za bweni ilishuka kutoka shilingi 40,535 hadi shilingi 35,035. Waraka ulikuwa wazi: karo imepungua kwa shilingi 8,500 katika kundi la kwanza na shilingi 5,500 katika la pili. Hata hivyo wazazi walisema karo imepanda, na baadhi ya watu waliwaona kama watu wasiosoma matangazo.

Walikuwa wamesoma. Mwaka wa masomo ulioanza Julai 26, 2021 ulifuatwa na mwingine Aprili 25, 2022, yaani baada ya miezi tisa. Huo nao ulifuatwa na mwingine Januari 23, 2023, tena baada ya miezi tisa. Kwa hiyo karo ya mwaka ilikuwa ikidaiwa kila baada ya miezi tisa badala ya kumi na miwili. Ukigawa shilingi 53,554 kwa miezi 12 unapata takribani shilingi 4,460 kwa mwezi. Ukigawa shilingi 45,054 kwa miezi tisa unapata takribani shilingi 5,000. Mzazi anayelipwa mshahara kwa mwezi, au anayeuza mboga na kuweka akiba kwa siku, hahesabu mwaka wa masomo. Huhesabu fedha zinazoingia kati ya tarehe moja ya kulipa na nyingine. Karo ilipungua kwa asilimia 16 hivi, muda wa kuitafuta ukapungua kwa asilimia 25. Waraka na mzazi wote walisema kweli, kila mmoja kwa kipimo chake.

Ukihesabu kuanzia Januari 2021 hadi Novemba 2022, ambapo kwa kawaida kungekuwa na mihula sita, familia zililipia mihula minane. Wanafunzi walijiunga na kidato cha kwanza mara tatu ndani ya miezi 18: Agosti 2021, Mei 2022 na Februari 2023. Mzazi mwenye watoto waliofuatana madarasa alinunua sanduku, godoro, blanketi na sare za kidato cha kwanza kabla hajamaliza deni la duka kwa ajili ya mtoto aliyetangulia. Vitu hivyo havikuwamo katika punguzo lolote. Shule za kibinafsi, ambazo hazikuhusika na waraka wa karo, ziliweka viwango vyake, na baadhi zilikuwa zimefungwa kabisa kwa kukosa fedha, hivyo wazazi wakalazimika kutafuta nafasi katika shule za umma zilizokwisha kujaa.

Ungeweza kuuliza kwa nini Wizara haikuiacha kalenda ianze Julai au Septemba, kama ilivyo katika nchi nyingine. Mitihani ya kitaifa, udahili wa vyuo na mwanzo wa mtaala mpya vilikuwa vimefungamana na Januari, na kila mwaka wa kuchelewa ungewafanya watoto wamalize shule wakiwa na umri mkubwa zaidi. Kubana mihula kulirudisha muda huo ndani ya miaka miwili, na gharama yake ikalipwa nyumbani.

Januari 2023 kalenda ilirejea mahali pake, na wale watoto wa gredi ya nne wa mwaka 2020 wakawa wa kwanza kuingia gredi ya saba katika sekondari ya msingi. Mwaka ule ule karo ya shule za kitaifa ilirudi shilingi 53,554, ikilipwa tena kwa miezi 12.