Leseni ya majitaka: huandikwaje, na mkazi anaweza kuisoma wapi?

Msimu mkuu wa kahawa, Oktoba hadi Desemba, ndio wakati wakazi wa kando ya mito hulalamika zaidi kuhusu maji ya rangi ya kahawia yenye harufu ya uchachu. Swali huwa ni lile lile: kiwanda kina leseni, mbona mto unanuka?

Hapa Kirinyaga swali hilo ni zito. Viwanda vingi vya kahawa viko juu, Gichugu na Ndia, na maji ya Thiba na Nyamindi huteremka hadi mashamba ya mpunga ya Mwea. Kinachomwagwa juu hutumiwa chini.

Leseni ya kumwaga majitaka haitolewi na Serikali ya Kaunti. Hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kibali cha kuchota maji mtoni nacho hutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ni milango miwili, na tunajua inawachosha wengi.

Afisa anayeandika leseni hupokea fomu, ramani na matokeo ya maabara. Kabla ya kuuliza maji yana nini, huuliza yanakwenda wapi. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kipimo cha uchafu unaooza kwa kuangalia ni oksijeni kiasi gani vijidudu hutumia kuula kwa siku tano. Maji yanayoingia kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita. Yanayoingia kwenye bomba la umma la majitaka yanaweza kufika 500, kwa sababu bado yatasafishwa mbele.

Kisha anapiga hesabu. Maji yaliyoosha kahawa yana sukari na utelezi wa tunda, na kipimo chake kinaweza kufika maelfu. Tuseme kiwanda kinamwaga mita za ujazo 100 kwa siku, kila lita ikiwa na kipimo cha miligramu 3,000. Hizo ni kilo 300 za oksijeni zinazohitajika kwa siku. Mita moja ya ujazo ya maji safi ya mto hubeba takriban gramu 8 tu. Uchafu huo basi unaweza kumaliza oksijeni yote ya mita za ujazo 37,500, na samaki na wadudu wa majini hufa kwa kukosa pumzi. Maji yale yale yakisafishwa hadi 30, hitaji hushuka hadi kilo 3. Afisa makini hufanya hesabu hii kwa mto ulivyo wakati wa kiangazi, kwani mto uliofurika huficha mengi.

Baada ya hapo huja kazi ngumu, nayo ni kuandika masharti. Sharti linalosema "mwenye leseni ahakikishe mto hauchafuliwi" linasikika vizuri lakini halimbani mtu, maana hakuna anayeweza kulipima. Linganisha na hili: maji yote ya kuoshea kahawa yaingie kwenye mashimo ya kunyonya, pasiwe na mtaro wala bomba kutoka mashimo hayo hadi mtoni, tope litolewe kabla ya Oktoba. Hata mtoto wa shule anaweza kwenda kuangalia kama mtaro upo au haupo. Afisa pia hutaja mahali hasa pa kuchukulia sampuli, kabla majitaka hayajachanganyika na maji mengine. Asipotaja, kuna atakayeongeza maji safi ili sampuli ipite, na uchafu ubaki kiasi kile kile.

Mizani yenyewe si rahisi. Kiwanda ni cha ushirika, wenyewe ni wakulima, na kahawa iliyochumwa asubuhi lazima isagwe siku hiyo au iharibike. Kufunga kiwanda Novemba ni kumwadhibu mkulima. Kwa hiyo afisa anaweza kutoa muda: msimu huu chimba mashimo, msimu ujao weka pampu ya kuzungusha maji yatumike tena. Hilo ni jambo la busara mradi tarehe iandikwe. Muda ukiongezwa kila mwaka bila kazi kuonekana, leseni imegeuka ruhusa ya kuchafua.

Basi mto ukinuka na leseni ipo, kuna mambo mawili ya kuchunguza: ama sharti limevunjwa, ama halikuandikwa kabisa. Utajua ukiisoma. Sheria inaitaka NEMA kuweka rejista ya leseni za majitaka, na rejista hiyo ni ya umma. Mtu yeyote anaweza kuikagua saa za kazi kwa kulipa ada iliyowekwa. Kanuni za 2006 pia zilimtaka mwenye leseni kupima majitaka yake kila siku na kuwasilisha rekodi kila miezi mitatu. Ulizia rekodi hizo pia. Na chini ya Kifungu cha 70 cha Katiba, mtu anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi hahitaji kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia.

Ukiona majitaka yakiingia mtoni, andika siku, saa na mahali, na upige picha ya pale yanapotokea, si ya mto pekee. Usiyaonje wala kuyaingia. Peleka taarifa kwa afisa wa afya ya umma, idara ya mazingira ya Kaunti, au afisi ya NEMA, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa kuwa maji ya asubuhi jioni yameshafika Mwea.