Fahamu: Vikings na Ushindi wa Lala Salama
Mwana wa Kismayo aliyehamia Minneapolis, katika mtaa wa Cedar-Riverside uliojaa Wasomali, hakai mbali na uwanja wa Minnesota Vikings, wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai, ambao tarehe 17 Desemba 2022, baada ya kuachwa 33 kwa 0 na Indianapolis Colts hadi mapumziko, walirejea kama jahazi lililokwisha kuagwa buriani, hata mpigaji wao Greg Joseph, katika muda wa nyongeza, akaupitisha mpira baina ya milingoti kutoka yadi 40: 39 kwa 36. Ligi yao haijapata kuona pengo kubwa zaidi likifidiwa.

Msimu huo walishinda mechi 11 kwa tofauti isiyozidi pointi 8. Ustadi mtupu? Sidhani: walifunga pointi 424, wakafungwa 427, na Januari 2023 New York Giants wakawatoa katika mtoano.